Fuga au Funga

Sehemu ya 7

Nyamburi, jirani wa Butiama, anaapa kwamba ng'ombe wale wanane waliingia kwenye simu, na yeye aliwaona kwa macho yake mawili.

Anasema ilikuwa asubuhi, anaanika mtama. Lori likarudi kinyumenyume mpaka mlangoni mwa zizi. Magesa akasimama na simu yake mbele, akawa anamulika ng'ombe mmoja mmoja, na kila aliyemulikwa akapotea. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba. Wa nane, yule jike mwekundu mwenye pembe pana, alikwama kwenye ukingo wa kioo. Magesa akampiga kofi la makalioni, naye akazama.

"Na mkia?" watu wakamuuliza.

"Mkia ulibaki nje kidogo. Akaubonyeza kwa kidole."

Cheka, msomaji, lakini usicheke sana. Wiki jana tulimwacha Boke ameshika mlango wa zizi tupu. Na kati ya habari zote alizosikia siku hiyo, hii ya Nyamburi ndiyo iliyokaribia ukweli kuliko zote.

Pembeni mwa zizi, juu ya kigoda cha marehemu baba yao, alikuwa ameketi Magesa mwenyewe, kaka yake wa kuzaliwa. Amevaa fulana nyeupe yenye pembe mbili za rangi ya dhahabu kifuani. Anapiga kiatu rangi.

"Kaka, ng'ombe ziko wapi?"

"Hazijapotea. Zimehama."

"Zimehamia wapi?"

"Mtandaoni."

Hapa nikukumbushe kidogo, maana gazeti la wiki jana huenda limeshafungiwa maandazi. Boke ni wakala wa pesa za simu, ana kibanda cha mbao pale Mukendo, Musoma mjini. Ng'ombe wale wanane ni mahari aliyoleta Mashimba, mume wake. Boke alimkimbia Mashimba baada ya miaka mitano ya kutukanwa mchana na kupigwa jioni. Wazee wa pande mbili wakakaa, wakakubaliana. Jumamosi ng'ombe wanane watoke zizini hapo Butiama warudi kwa Mashimba. Wakitoka, Boke yuko huru, na binti yake Hana, wa miaka minne, anabaki kwake. Wasipotoka, Hana anachukuliwa na baba yake.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Mtandaoni ni wapi?" Boke aliuliza, taratibu, kama anavyomuuliza mteja aliyekosea namba ya siri.

Magesa akaweka kiatu chini, akafuta mikono, akatoa simu yenye ufa uliokatiza kioo kutoka kona mpaka kona.

"Hili linaitwa Soko la Pembe. Unaona nembo? Pembe. Hawa watu wanatujua sisi. Nilipeleka ng'ombe mnadani Bunda, nikapata milioni sita na laki nne. Nikaingiza humu, nikanunua sarafu za mtandaoni. Siku kumi na moja tu. Soma mwenyewe."

Boke akasoma. Milioni saba, laki moja na elfu nne.

"Laki saba na elfu nne juu," Magesa alisema. "Asilimia moja kila siku, kama saa. Ng'ombe gani anazaaga kwa siku kumi na moja?"

"Zinakula nini?"

"Hazili kitu. Hapo ndipo utamu ulipo."

"Zizi la ng'ombe wasiokula, kaka, linaitwaga bucha."

Magesa alimtazama kwa huruma, vile mtu wa kiwango cha juu anavyomtazama wa kiwango cha chini. Na kweli alikuwa na kiwango. Mgongoni mwa fulana palikuwa pameandikwa BALOZI, KANDA YA MARA. Ubalozi huo hauna ofisi, hauna mshahara wala bendera. Ukialika watu watano wakaingiza hela, unatumiwa fulana.

"Jumamosi ninatoa hela, tunanunua ng'ombe nane mnadani, tunampa Mashimba, na chenji tunabaki nayo. Ulikuwa usijue hata. Nilitaka nikushangaze."

"Nimeshangaa. Toa sasa hivi."

"Sasa hivi?"

"Nimesimama nakungoja."

Magesa akacheka, akabonyeza palipoandikwa KUTOA. Kioo kikazunguka, kikazunguka, kikaleta mstari mmoja.

Salio linaloweza kutolewa: 0.

"Mtandao," alisema Magesa.

Akabonyeza tena. Sifuri ikarudi, ileile, imenona.

Boke akanyoosha mkono, akachukua simu. Elimu yake ni ya darasa la saba, lakini kazi yake ni kusoma maandishi madogo kwenye simu za watu wengine kutwa nzima, na anayasomaga kwa kidole, herufi kwa herufi, kwa sababu herufi ikikosewa pesa zinakwenda kwa mtu wa Tunduma. Akarudi nyuma ukurasa mmoja. Akarudi wa pili.

"Hapa ulibonyeza nini?"

"Kufuga."

"Soma kama palivyo."

"Fuga sarafu zako siku tisini, upate asilimia moja kila siku." Magesa alisoma kwa sauti ya kutangaza. "Ndiyo maana nakwambia wanatujua. Mimi mfugaji, baba yangu mfugaji. Nimeona fuga, nimebonyeza."

"Kuna N."

"N gani?"

"Hapa katikati, chini ya ufa. Igeuze simu."

Magesa akaigeuza simu kwenye jua. Akaikaribisha puani. Midomo yake ikasogea bila sauti, ikasogea tena.

Funga sarafu zako siku tisini.

Chini yake, kwa maandishi ya ukubwa wa mayai ya chawa: Siku zilizobaki, 79.

Herufi moja, msomaji. Herufi yenye miguu miwili ilikuwa imeondoka na wanyama wenye miguu thelathini na miwili.

"Sasa hao," alisema Magesa, "kwa nini wasiandike maneno yasiyofanana?"

Boke akamrudishia simu. Alimkabidhi Hana kwa Nyamburi, akafunga kanga vizuri kiunoni.

"Vaa kiatu. Tunaenda Bunda."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu anayejua kusoma."

Mtu huyo ni mwanamke anayeitwa Wegesa. Anauza nguo za mitumba za watoto nyuma ya soko la Bunda, na pembeni ya nguo anauza na kununua sarafu za mtandaoni. Ukitaka sarafu unamtumia shilingi, anakutumia sarafu. Ukitaka shilingi, kinyume chake. Zamani alikuwa mteja wa Boke pale Mukendo, na walipendana kwa sababu wote wawili walikuwa hawapendi maneno mengi.

Saa sita mchana waliingia bandani. Wegesa alimwangalia Magesa kuanzia kwenye pembe za kifuani mpaka kwenye kiatu kimoja chenye rangi na kingine kisicho na rangi.

"Mdogo wangu, umeniletea balozi?"

"Nimekuletea kaka yangu. Amefunga."

"Kafunga au kafuga?"

Boke na Magesa wakatazamana.

"Wewe ni wa tisa wiki hii, balozi," alisema Wegesa. "Usijione umefanya jambo jipya. Yule pale kwenye mzigo wa makoti ni mwalimu, na mwalimu wa Kiswahili, na yeye alifuga."

Juu ya mzigo wa makoti alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, simu mkononi, ametulia kama aliye kanisani. Aliitwa Eliasi.

"Mimi nilishafunguliwa," alisema Eliasi kwa heshima. "Nimeomba kutoa tangu Jumatatu. Inashughulikiwa."

Wegesa aliichukua simu ya Magesa, akaipekua haraka haraka kama anayetafuta shati lenye vifungo vizima.

"Kuna kitufe cha kufungua kabla ya muda. Wanakunyang'anya faida yote, na asilimia kumi ya mtaji juu yake."

"Hapo nitakuwa nimekula hasara," alisema Magesa.

"Na hapo ulipo unakula nini?" Boke aliuliza.

Magesa akabonyeza. Simu haikufungua. Simu ilitaka kumwona.

Ikawasha kamera. Ikasema, weka uso wako ndani ya duara. Magesa akauweka. Geuza kichwa kushoto. Akageuza. Geuza kulia. Akageuza.

Uso haulingani. Jaribu tena.

Alijaribu mara nne. Siku alipojiunga alikuwa amenyoa. Tangu apewe ubalozi alikuwa amefuga ndevu, na safari hii alifuga kweli, bila N, mpaka zikamfunika mashavu na kidevu.

"Walipochukua ng'ombe nane hawakuuliza sura," alisema Wegesa. "Sasa wanataka kidevu. Kaa hapo."

Alikuwa na wembe wa kukatia nyuzi. Akachovya kitambaa kwenye kikombe cha maji, akamshika balozi taya. Ndevu zikaanguka juu ya kaptura za watoto. Wembe ulipofika chini ya pua Magesa alisema, "Polepole, dada yangu." Alipomaliza kunyolewa alionekana kama mtu aliyerudishwa darasa.

Kushoto. Kulia. Sasa tabasamu.

Kutabasamu ndiko kulikomshinda. Midomo ilipanda upande mmoja, upande wa pili ukagoma.

"Fikiria siku walipokuletea fulana," alisema Boke.

Akatabasamu. Simu ikalia kengele ndogo, ikafungua.

Milioni tano, laki saba na elfu sitini. Boke akashusha pumzi. Wegesa hakushusha.

"Bado. Hii si hela. Hizi ni sarafu za Pembe, wanazitengeneza wao wenyewe kwao. Mimi sizinunui hata kwa ndugu yangu wa damu. Kwanza ziuzwe humohumo sokoni zigeuke dola za mtandaoni, hizo ndizo nanunua."

"Anazinunua nani?"

"Tazama mwenyewe."

Akafungua ukurasa wenye namba za kijani upande mmoja, nyekundu upande mwingine. Za kijani ni watu wanaotaka kununua na bei zao. Za nyekundu ni wanaotaka kuuza na bei zao. Bei zikigusana, soko linakata ada kwa wote wawili na biashara imekwisha.

"Kama mnada," alisema Boke.

"Mnada uleule. Hauna mavi tu."

Boke hakubonyeza. Alitazama. Dakika tano, dakika kumi. Magesa akaanza kugonga kiatu, Boke akaendelea kutazama, vile anavyotazama mikono ya mteja asiyemwamini.

"Huyu anakimbiaga," alisema mwishoni.

"Nani?"

"Huyu mnunuzi wa sarafu elfu tano. Bei ikishuka anatokea, anasema nanunua kwa bei ya juu. Watu wakimsogelea anatoweka. Wakiondoka anarudi na elfu tano zake zilezile, hazijapungua hata moja."

Wegesa aligeuka akamtazama vizuri.

"Umeliona hilo peke yako?"

"Si mnadani wapo. Mtu anapandisha bei ya ng'ombe ambaye hana nia ya kumnunua. Baadaye unamkuta anakunywa soda na mwenye ng'ombe."

"Basi mwenye ng'ombe hapa ni mwenye soko," alisema Wegesa. "Uza. Usimngoje huyo, tafuta wale wa chini wanaonunua kweli."

Wakauza. Kila walipouza kidogo, bei iliteleza. Mpaka sarafu ya mwisho ya Pembe inatoka, mkononi palibaki dola za mtandaoni za thamani ya milioni tano, laki tatu na elfu kumi.

"Ng'ombe sita na nusu," alisema Magesa kwa sauti ya msiba. "Nusu ya mbele."

Boke alikuwa ameshapiga hesabu yake kimyakimya. Kwenye kibanda alikuwa na floti ya milioni moja na laki mbili na nusu, yaani hela ya kuzungushia kazi, aliyoikusanya miaka mitatu bila kununua hata kitenge. Akiivunja, ng'ombe wanane wanapatikana. Kibanda kinakufa. Hana anabaki.

Hakuwa na cha kufikiria hapo.

"Dada, nunua," alimwambia Wegesa. "Chukua hizo dola, nitumie shilingi."

"Nitanunua zikitoka."

"Si hizi hapa?"

Wegesa akasogeza kaptura, akaketi mbele yake.

"Mdogo wangu, kaka yako aliponunua zile sarafu, unadhani kuna kitu kilisogea?"

"Zilikuja kwangu," alidakia Magesa.

"Hazikuja popote, balozi. Wana daftari. Walifuta kwenye jina la mtu, wakaandika kwenye jina lako. Leo umeuza, wamefuta kwako, wameandika kwa mwingine. Kutwa watu wanapigana vikumbo kununua na kuuza, na hakuna kilichotoka chumbani. Sarafu zenyewe, kama zipo, ziko kwenye pochi moja kubwa ya mtandaoni, na ufunguo wanao wao. Kitu kinasogea kweli siku moja tu. Siku unapoomba kutoa."

"Kwa hiyo hili salio..."

"Ni maandishi yao. Mimi nanunua sarafu, sinunui maandishi. Ziombe zitoke ziingie kwenye pochi yangu mimi, ambayo ufunguo ninao hapa kifuani. Zikiingia tu, kabla hujafumba jicho shilingi unazo."

Boke akamsogezea kaka yake simu.

"Ni kama kuweka ng'ombe kwenye zizi la mtu," alisema Boke.

"Ndivyo."

"Lakini ng'ombe wangu namjuaga rangi."

"Hizi zote zina rangi moja. Na akizikopesha kwa rafiki yake, utamjulia wapi?"

Kwenye mzigo wa makoti, Eliasi alikohoa.

Magesa akabonyeza KUTOA. Akaandika namba ndefu ya pochi ya Wegesa, Boke akaihakiki kwa kidole mara tatu, herufi kwa herufi. Ilikuwa saa nane kasoro.

Ombi lako limepokelewa. Linashughulikiwa.

"Karibu," Eliasi alimwambia Magesa, akamsogezea nafasi kwenye makoti.

Robo saa. Nusu saa. Wegesa aliuza gauni la kipaimara na soksi jozi mbili. Mabwana wawili waliketi bega kwa bega juu ya makoti, kila mmoja anaburuta kioo chake chini kwa kidole ili kijipyaishe.

"Ya kwako inasemaje?" Magesa alinong'ona.

"Inashughulikiwa. Ya kwako?"

"Inashughulikiwa."

"Basi tuko vizuri."

Saa nane na nusu, simu zote mbili zililia kwa pamoja. Waliruka. Boke akaisoma kwa sauti.

Mpendwa mteja, mtandao unafanyiwa matengenezo. Huduma ya kutoa itarejea hivi punde. Fedha zako ziko salama.

Boke aliogopa. Hakuogopa kwa sababu ya maneno kuwa mageni. Aliogopa kwa sababu aliyajua. Aliijua hata sauti ya mtu anayeyasema. Ilikuwa sauti yake.

Mwaka jana, mwisho wa mwezi, alimkopesha Magesa floti yote. Watumishi wakaja kibandani na mishahara yao kwenye simu, wanataka noti. Boke alifungua droo, akaona sarafu za mia mbili mbili na mfuniko wa kalamu. Akainua uso, akatabasamu, akasema, mtandao unasumbua, njooni kesho. Mtandao siku hiyo ulikuwa mzima kuliko siku zote.

"Hawana floti," alisema.

"Sema polepole," Wegesa alinong'ona. "Eliasi asisikie."

"Nimesikia," alisema Eliasi, macho kwenye kioo. "Lakini inashughulikiwa."

Magesa alikuwa ameanza kutokwa na jasho pale ndevu zilipokuwa. "Hii kampuni ni kubwa, Boke. Aliyeniingiza mimi ameshanunua pikipiki. Mtu makini. Hawezi kunidanganya mimi."

"Nani aliyekuingiza?"

Magesa akafunga mdomo.

Haukuwa mdomo wa mtu asiyejua. Boke amewatazama watu wengi dirishani, anaujua ukimya wa aliyesahau na ukimya wa anayeficha. Hakumsihi. Aliinama tu kwenye simu, akafungua ukurasa wa akaunti, akashuka nao chini taratibu. Jina. Namba ya kitambulisho. Tarehe ya kujiunga. Na mwisho kabisa, pale ambapo hakuna mtu anayefikaga:

Umealikwa na: MASHIMBA07. Kamisheni aliyopata mwalikaji: asilimia tano.

Hata Eliasi aliacha kuburuta kioo.

"Kaka."

"Alikuwa shemeji yangu, Boke."

"Lini alikualika?"

"Wiki tatu zilizopita. Alisema yaliyotokea kati yenu ni yenu, mimi na yeye hatujagombana. Alinionyesha simu yake. Hata kile kitufe..."

"Kile kitufe nini?"

"Alinionyesha yeye. Alisema bonyeza hapa, hapa ndipo panapofuga."

Wiki tatu zilizopita. Boke akahesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji vidole. Wazee walikaa wiki mbili zilizopita. Na pale kwenye kikao, aliyesimama mwenyewe akasema mahari arudishiwe Jumamosi hii hii, si hela, ng'ombe, na wote wanane, alikuwa Mashimba. Kila mtu alimsifu kwa kuwa na haraka ya kumaliza ugomvi.

Alijua watafungwa siku tisini. Alikula asilimia tano ya ng'ombe wake mwenyewe, na sasa anamngojea mtoto.

"Yule anakunywa soda na mwenye ng'ombe," alisema Boke, kwa sauti ndogo.

Hakulia. Alivuta mzigo wa nguo akaketi, simu ya Magesa mapajani, akatafuta mahali pa kuongea na wenye soko. Palikuwepo, kona ya chini kabisa, pana mchoro wa msichana anayecheka mwenye vifaa vya kusikilizia masikioni.

Mpendwa mteja, mimi ni Neema, msaidizi wako. Bonyeza 1 kujiunga. Bonyeza 2 kuongeza fedha. Bonyeza 3 kualika rafiki.

Namba ya kutoka haikuwepo.

Boke alimkumbuka baba yake. Mzee aliwahi kuweka ng'ombe wanne kwa mtu upande huu huu wa Bunda. Hakuwa anapeleka taarifa. Alikuwa anafika jua halijachomoza, zizi halijafunguliwa, anasimama mlangoni na fimbo yake. Hakuuliza hali za wake wala watoto. Alikuwa anasema maneno matatu tu, na mwenye zizi hana ruhusa ya kukasirika, kwa sababu anayesema ni mwenye mali. Anafungua mlango. Ng'ombe wanatoka mmoja mmoja, mzee anawataja kwa rangi. Akikosekana hata mmoja, kikao kinaanza hapohapo mlangoni.

Aliandika kwa kidole kimoja.

Nionyesheni ng'ombe zangu.

Neema akajibu papo hapo: Samahani, sijaelewa. Bonyeza 3 kualika rafiki.

Aliandika tena, yaleyale. Safari hii namba hazikuja. Chini ya kioo yakatokea maandishi madogo ya kijivu: Neema anaandika...

"Ameamka mtu," alisema Wegesa, akainama juu ya bega lake. "Hiyo si mashine tena."

Ndipo simu ya Boke mwenyewe ikalia mfukoni. Nyamburi.

"Mama Hana, uko wapi? Huku kuna wageni. Mashimba amekuja na baba yake mkubwa, mzee Mugeta. Wamepaki pikipiki mpya mlangoni mwa zizi."

"Leo? Si Jumamosi?"

"Mashimba anasema amesikia ng'ombe zimeuzwa, hana haja ya kungoja Jumamosi. Mimi nimewaambia ukweli, mwenzangu. Nimewaambia zimeingia kwenye simu, nimeziona."

"Mzee Mugeta amesemaje?"

"Ngoja nimpe."

Sauti ya mzee ilikuja kavu, haina hasira. Mugeta alijulikana kwa kitu kimoja, kwamba hajawahi kumwonea mtu wala kumsubiri.

"Mwanangu Boke. Hawa wanasema ng'ombe ziko kwenye simu. Mimi sizijui simu, siwezi kubisha. Nitaketi hapa mpaka saa kumi na mbili. Nionyeshe ng'ombe, au nionyeshe hela ya ng'ombe. Nikiona, nitamrudisha Mashimba nyumbani mikono mitupu mimi mwenyewe. Nisipoona, mtoto tunaondoka naye leo."

"Baba, huyo Mashimba ndiye..."

Lakini mzee alikuwa ameshasogeza simu. Ilisikika ikipita mkono kwa mkono, ikakwaruza, kisha pumzi ndogo za karibu sana, za mtu anayebana simu shavuni kwa mikono miwili.

"Mama."

"Hana."

"Babu anasema ng'ombe ziko ndani ya simu yako."

Boke alitazama kioo chenye ufa. Saa tisa na dakika kumi. Ombi lako linashughulikiwa. Neema anaandika... Maandishi yakafutika. Yakarudi. Yakafutika.

"Mama, unanisikia? Nitolee yule mwekundu kwanza."